Vyanzo vya kuaminika vya kujifunza dini za dunia mtandaoni

SWALI: Mwalimu, nataka kuzijua dini za dunia, siyo ya kwangu tu. Kila nikitafuta mtandaoni naangukia mahubiri ya upande mmoja, au watu wanaorushiana maneno kwenye video. Vitabu vya kununua sina uwezo navyo. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba ninachokisoma ni cha kuaminika?

JIBU: Ndugu msomaji, tovuti moja ya kuaminika kwa kila jambo haipo, na anayekuambia ipo ana lake. Ukitaka kujua Kanisa Katoliki linafundisha nini kuhusu ubatizo, tovuti ya Vatican haina mpinzani: Katekisimu yote imo, na aya zake zimepewa namba hadi 2865. Lakini ukitaka kujua kwa nini maaskofu wa karne ya 4 walifarakana vikali juu ya Kristo ni nani, na makaisari wa Roma walitia mkono wapi, hapo unamhitaji mwanahistoria. Kwa hiyo kabla hujaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, pambanua swali lako ni la aina gani. Je, unauliza waumini wanaamini na kutenda nini? Waulize wenyewe. Unauliza maandiko yao yanasema nini? Yasome. Unauliza mambo yalianzaje na yakabadilikaje? Watafute wanazuoni wa historia ya dini. Watu wengi hupotea kwa sababu huuliza swali la aina moja na kulitafutia jibu pasipo pake. Kosa kubwa kuliko yote ni kwenda kwa wapinzani wa dini fulani ili kujua wafuasi wake wanaamini nini.

Nianze na maandiko, maana ndiko mtandao ulikotajirika. Karibu yote ninayoyataja hapa ni bure, ingawa sehemu kubwa iko kwa Kiingereza.

Kwa Uyahudi, nenda Sefaria, iliyoanzishwa 2011. Ina Biblia ya Kiebrania, Mishna (mkusanyo wa sheria za mapokeo), Talmudi (mijadala ya marabi juu yake) na fafanuzi za marabi, na ukibofya mstari wowote unaonyeshwa nani aliutolea maelezo. Talmudi ya Babeli iliyofasiriwa na rabi Adin Steinsaltz imo bila malipo tangu 2017. Kwa Ubuddha wa kale, SuttaCentral hukuwekea matini ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko hayo, kando ya tafsiri, sentensi kwa sentensi. Tafsiri za Bhikkhu Sujato zilizomo humo zimeachiliwa bila hakimiliki, hata ukitaka kuzigeuza kwa Kiswahili hakuna wa kukudai. Maandiko ya Kibuddha yaliyohifadhiwa kwa Kitibeti yanafasiriwa na mradi uitwao 84000. Kurani iko Quran.com na Tanzil, pamoja na tarjuma ya Kiswahili ya Ali Muhsin al-Barwani. Hadithi ziko Sunnah.com. Kwa Uhindu kuna Gita Supersite ya chuo cha IIT Kanpur, nitaieleza mbele. Kwa Ukonfusio na Utao kuna Chinese Text Project, na kwa Wabahai kuna maktaba yao rasmi, Bahá'í Reference Library. Guru Granth Sahib ya Masikhi ina urahisi wake: chapa zote za kawaida zina kurasa 1430 zilezile, basi mtu akikutajia ukurasa unaweza kuufungua papo hapo ukamhakiki.

Sasa shida. Tafsiri zinazojitokeza kwanza unapotafuta mara nyingi ni za zamani sana, kwa sababu hakimiliki zake zimekwisha na kila mwenye tovuti anaweza kuzipakia. Hazina kubwa ya Internet Sacred Text Archive, iliyoanza 1999, kwa sehemu kubwa imejengwa na vitabu vya aina hiyo, vikiwemo vya Sacred Books of the East, mfululizo wa juzuu 50 uliosimamiwa na Max Müller wa Oxford na kuchapishwa kati ya 1879 na 1910. Juzuu hizo bado zina manufaa, lakini lugha yake imechakaa, na hati nyingi muhimu zilivumbuliwa baada yake. Tena mfululizo huo hauna Biblia wala maandiko ya Masikhi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukiumaliza umesoma dini zote za mashariki.

Tazama jinsi tafsiri ya zamani inavyoweza kumpoteza msomaji. Tafsiri ya Kurani ya Kiingereza iliyotolewa na J. M. Rodwell mwaka 1861 imesambaa mno mtandaoni. Rodwell alizipanga upya sura kwa mfuatano aliodhani ndio wa kushuka kwake, akaanza na ile ya 96. Msomaji mgeni akiifungua anadhani Kurani huanza hapo, na akitafuta Al-Fatiha mwanzoni haioni. Hakuna tovuti iliyomdanganya. Ni yeye aliyeruka ukurasa wa dibaji. Dibaji ya mfasiri ndiyo ya kusoma kwanza, hata kama una dakika kumi tu.

Mkono wa mfasiri tunao hata katika Kiswahili. Tarjuma ya kwanza kamili ya Kurani kwa lugha yetu, ya 1923, ni kazi ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana. Iliyofuata, ya 1953, ilitoka kwa Waahmadiyya. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ya Kisunni, ilikamilika 1969. Ni kitabu kilekile, lakini ukiweka tanbihi za tarjuma hizo tatu bega kwa bega utaona kila moja inajibizana na nani. Kwa hiyo usitosheke na kujua kwamba umesoma tarjuma. Ujue ni ya nani, ya mwaka gani, na alimwandikia nani.

Biblia nayo ina mitego yake. Ya Waprotestanti ina vitabu 66, ya Wakatoliki 73, na Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia huhesabu 81. Zaburi zina namba za aina mbili: ile ya 23 kwa hesabu ya Kiebrania ni ya 22 katika Septuaginta (tafsiri ya kale ya Kigiriki) na Vulgata (ya Kilatini), hivyo ukifuata rejea ya kitabu cha Kikatoliki cha zamani ukakuta maneno mengine kabisa, jaribu namba inayofuata kabla ya kumshutumu mwandishi. Bible Gateway hukuruhusu kulinganisha tafsiri kadhaa kwenye ukurasa mmoja. Fungua Marko 16 katika tafsiri mbili tatu za kisasa, kisha soma tanbihi iliyo kwenye mstari wa 9: utaambiwa kwamba nakala za kale zaidi hazina mistari ya 9 hadi 20. Usiishie kuamini tanbihi. Picha za Codex Sinaiticus, nakala ya karne ya 4, zimewekwa wazi mtandaoni tangu 2009, kila ukurasa, na Marko inakoma kwenye 16:8. Unaweza kuiona nafasi iliyoachwa tupu chini ya safu kwa macho yako. Zamani jambo kama hilo lilihitaji safari na barua ya utambulisho.

Nije kwa wenye dini wenyewe. Dini zenye makao makuu ni rahisi: Vatican kwa Wakatoliki, bahai.org kwa Wabahai. Lakini dini nyingi hazina ofisi moja inayozisemea, na hapo ndipo neno "Uislamu unasema" au "Wahindu wanaamini" linapaswa kukushtua. Nani anasema? Tovuti ya IslamQA iliyo maarufu kwa fatwa huegemea mkondo wa Kisalafi. SeekersGuidance hufundisha kwa kufuata madhehebu ya jadi ya Kisunni. Al-Islam.org ni maktaba ya Mashia Ithnaashari. Zote tatu zina elimu, na zote tatu huandika "Uislamu" bila kivumishi. Vivyo hivyo GotQuestions hujibu maswali ya Biblia kwa msimamo wa Waprotestanti wa kiinjili, ilhali New Advent ni ya Kikatoliki, tena ensaiklopidia iliyomo humo ilichapishwa 1907 hadi 1912. Fikiria uzito wa tarehe hiyo: kauli ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu dini zisizo za Kikristo, ijulikanayo kama Nostra Aetate, ilitolewa tarehe 28 Oktoba 1965. Anayenukuu ensaiklopidia hiyo kueleza Wakatoliki wa leo wanawatazamaje Wayahudi anakuletea msimamo uliokwisha kuandikwa upya.

Bhagavad Gita, andiko mashuhuri la Kihindu, ni mahali pazuri pa kujizoeza. Ina mistari 700 katika sura 18. Ukiisoma Vedabase unaipata pamoja na maelezo ya Prabhupada, mwasisi wa harakati ya Hare Krishna, anayeisoma yote kama wito wa kumpenda Krishna. Kisha fungua Gita Supersite, chagua mstari uleule, na uweke alama kwenye majina ya wafafanuzi unaowataka: Shankara, anayefundisha kwamba nafsi na Brahman, uhalisia mkuu wa yote, ni kitu kimoja, na Ramanuja, anayelipinga hilo. Baada ya mistari mitano hivi utakuwa umefahamu mgawanyiko mkubwa wa falsafa ya Kihindu kuliko ungefahamu kwa kusoma muhtasari wa kurasa hamsini.

Wanazuoni wa vyuo ni chanzo cha tatu, baada ya maandiko na waumini wenyewe, na alama yao ni rahisi kuitambua: hutaja hoja za wasiokubaliana nao, na husema wazi pale ushahidi unapoishia. Chuo Kikuu cha Yale kimeweka bure kozi mbili nzima, pamoja na maandishi ya kila mhadhara: ya Christine Hayes kuhusu Biblia ya Kiebrania, mihadhara 24, na ya Dale Martin kuhusu Agano Jipya, mihadhara 26. Kama data zako ni za kuhesabu, achana na video. Pakua maandishi, ni mepesi na yanasomeka haraka zaidi. Stanford Encyclopedia of Philosophy ina makala nzito kuhusu wanafikra wa Kiislamu, Kihindu, Kibuddha na Kikristo, na kila makala ina jina la mwandishi na tarehe ya marekebisho. Encyclopaedia Iranica inafaa kwa Uzoroasta, Umani (dini ya kale iliyoanzishwa na Mani) na Ushia wa Iran. Kwa vikundi vipya vya kidini, ambavyo mtandaoni huandikwa ama na waliotoroka ama na wasemaji wao, tumia World Religions and Spirituality Project. Bila mradi huo, utabaki kati ya matusi na matangazo.

Usihukumu kwa kutazama mwisho wa anwani. Alama ya chuo kikuu kwenye anwani inaweza kuficha insha ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na ".org" hununuliwa na yeyote.

Kuhakiki sasa. Chukua kauli ambayo hutajwa kila siku kuwa hadithi ya Mtume: "Tafuteni elimu hata kama ni China." Hatua ya kwanza, usitafute kauli pamoja na neno "hadithi", kwa maana utapata maelfu ya watu walionakiliana. Nenda kwenye makusanyo yenyewe, Sunnah.com, utafute humo. Ndani ya makusanyo sita yanayotegemewa na Wasunni hutaikuta. Utakachokikuta, katika Ibn Majah namba 224, ni kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, China haimo. Hatua ya pili, soma hukumu iliyowekwa chini ya hadithi kuhusu nguvu ya isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, maana hadithi kuwamo kitabuni haitoshi kuifanya sahihi. Hatua ya tatu, uliza wataalamu wa hadithi walisema nini juu ya ile ya China. Al-Bayhaqi, aliyefariki 1066, aliipokea lakini akasema isnadi yake ni dhaifu. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki 1201, aliitia katika mkusanyo wake wa hadithi za kubuniwa. Kazi yote hiyo haizidi nusu saa, na jibu unalopata ni bora kuliko "kweli" au "uongo": ni maneno mashuhuri, mapokezi yake hayakusimama, na wajuzi wamelijua hilo kwa karne nyingi.

Hapo kuna kikwazo kimoja kinachowaangusha wengi. Hadithi ileile ya Bukhari ina namba zaidi ya moja. Ukiona rejea yenye sehemu tatu, yaani juzuu, kitabu na namba, hiyo ni hesabu ya tafsiri ya Kiingereza ya zamani. Ukiona namba moja tu, kwa kawaida ni hesabu nyingine. Sunnah.com huziandika zote chini ya hadithi na kueleza ipi imeachwa. Kwa hiyo namba isipolingana, usikimbilie kusema mtu amezua.

Njia hiyohiyo inatumika kwingine. "Mungu huwasaidia wanaojisaidia" itafute ndani ya Biblia uone kama ipo, haipo. Maneno matamu yanayobandikwa kwenye picha ya Buddha bila jina la sutta (hotuba yake) wala namba yachukulie kuwa ya kubuni mpaka aliyeyaleta akuonyeshe yametoka wapi.

Programu za akili mnemba nazo ziweke kwenye mizani hii. Hufaa kukueleza istilahi au kukupa majina ya kwenda kuyatafuta. Ila hutunga rejea bila haya: aya ipo lakini maneno si yake, au namba ya hadithi ipo na matini ni ya hadithi nyingine. Kila rejea unayopewa ifungue kwenye chanzo chake, usipoipata, itupe. Wikipedia iko juu ya hapo kidogo, mradi uitumie kwa kuanzia chini: shuka kwenye tanbihi, uone vitabu vilivyotegemewa, kisha ufungue ukurasa wa majadiliano. Makala yenye mabishano marefu huko inakuonyesha hasa penye utata.

Kuhusu takwimu nina neno fupi. Pew Research Center ndiyo inayotegemewa zaidi, kwa kuwa hueleza ilivyohesabu. Ripoti yake ya 2025, inayohusu mwaka 2020, inataja Wakristo takriban bilioni 2.3, Waislamu bilioni 2.0, wasio na dini bilioni 1.9, Wahindu bilioni 1.2 na Wabuddha milioni 324. Ripoti yake ya awali kuhusu 2010 ilikuwa imehesabu Wabuddha takriban milioni 488. Wabuddha hawakutoweka, sehemu kubwa ya pengo hilo ni njia mpya ya kuwahesabu watu wa China. Nchini Japani, ukijumlisha waumini wanaoripotiwa na mahekalu ya Shinto na ya Kibuddha, jumla huzidi idadi ya wananchi, kwa kuwa mtu mmoja huhesabiwa kotekote. Namba ya waumini isiyotaja mwaka wala njia ya kuhesabu usiinukuu.

Dini za jadi za Afrika ndizo zilizoachwa nyuma na mtandao, na sababu inaeleweka: elimu yake iko katika matambiko, nyimbo, miiko na midomo ya wazee, na vilivyoandikwa mapema viliandikwa zaidi na wamisionari na maofisa wa kikoloni. Maandishi hayo sasa hayana hakimiliki, hivyo ndiyo yanayokutangulia kwenye matokeo, yakisema "ushirikina" na "mizimu" kwa dharau. Yasome kama ushahidi wa alichokiona mwandishi, ukitenga alichokiona na alichokihukumu. Hata baina ya wasomi Waafrika kuna mvutano unaofaa kuujua: John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969, alizikusanya dini nyingi chini ya fikra za pamoja kuhusu Mungu, Okot p'Bitek aliwashutumu wasomi wa namna hiyo kwa kuivisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki. Ukikuta tovuti inayoanza na "Waafrika wanaamini", ifunge utafute inayotaja jamii kwa jina. UNESCO ina kurasa na video kuhusu mapokeo mahususi, mojawapo uaguzi wa Ifa wa Wayoruba, na hizo ni mwanzo mzuri.

Kwa mpangilio wa kusoma, shika dini moja kwa wiki nne hivi. Wiki ya kwanza soma makala moja ya kitaaluma ya utangulizi, basi. Ya pili ingia kwenye maandiko, sehemu fupi, tafsiri mbili. Ya tatu sikiliza wenyewe wanavyojieleza, angalau madhehebu mawili yasiyopatana. Ya nne rudi kwa wanazuoni ukiwa na maswali. Ukianza na maandiko bila utangulizi utazama: Rigveda, andiko la kale la Kihindu, ina nyimbo 1,028, na atakayeanza ule wa kwanza akitarajia kuuelewa Uhindu wa leo atachoka kabla ya kumi. Andika kila unachonukuu pamoja na jina la mfasiri, mwaka, namba ya aya na tarehe uliyofungua ukurasa. Kurasa hufa; uhifadhi anwani kwenye Wayback Machine, ghala la nakala za kurasa za mtandao, siku hiyohiyo, vinginevyo utarudi ukute patupu.

Ukigonga ukuta wa malipo, usilipe kwanza. JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma, hutoa akaunti ya bure inayokuruhusu kusoma idadi fulani ya makala mtandaoni kila mwezi. Internet Archive huazimisha baadhi ya vitabu kwa saa. Kwenye Google Scholar, bofya maneno ya matoleo yote chini ya kichwa cha makala. Mara nyingi mwandishi ameiweka nakala yake kwenye hazina ya chuo chake. Ikishindikana, mwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe ya mistari mitatu, utaje kichwa cha makala na kwa nini unaihitaji. Wanazuoni hawalipwi kwa makala za majarida, na wengi hufurahi kuona kuna mtu nje ya chuo anayetaka kuwasoma.